Kujenga mtaa wako ndani ya Minecraft
Katika Minecraft, mchezo wa kujenga kwa bloku (vipande vya umbo la mchemraba), fungua dunia mpya, bapa, yenye hali ya ubunifu (Creative), ambako bloku haziishi. Bloku moja ni mita moja, kwa hiyo pima kwanza mtaa halisi kwa futikamba. Anza na barabara, si nyumba: njia ya mita 6 na ya waenda kwa miguu mita 2 kila upande hula bloku 10 za upana.

Kosa kubwa liko ukutani. Ukuta nao ni mita nzima, basi chumba cha 3 kwa 3 kinahitaji 5 kwa 5 kwa nje. Ukisahau, nyumba zitavamia barabara.

Kwenye toleo la Java (la kompyuta), kitufe cha F3 huonyesha ulipo kwa namba: X huongezeka ukielekea mashariki, Z ukielekea kusini. Kwenda kaskazini hupunguza Z, na hapo ndipo wengi huchanganyikiwa. Tazama jua la mchezoni: huchomoza mashariki.