Ukoka Hauhitaji Maji Kila Siku: Jinsi ya Kumwagilia na Kukata Nyasi za Nyumbani

Kazi yangu ni kutunza nyasi za watu. Karibu kila ninapoitwa kwenye nyasi zilizopauka huambiwa neno lilelile: "Lakini mbona tunamwagilia kila siku?" Mara nyingi tatizo liko hapohapo. Maji ya kunyunyiza kidogokidogo kila jioni huishia sentimita moja au mbili za juu, na mizizi nayo hubaki huko juu, maana haina sababu ya kushuka. Jua likikaza siku tatu mfululizo, au bomba likikauka, nyasi hizo hazina akiba yoyote. Zikinyweshwa mpaka chini, kisha zikaachwa zisikie kiu kidogo, mizizi huyafuata maji yaliko.

Hatua ya 1: Zitazame nyasi kabla ya kufungua bomba

Katiza katikati ya nyasi, kisha geuka utazame ulikopita. Nyasi zenye maji huinuka upesi baada ya kukanyagwa. Zenye kiu hubaki zimelala, na nyayo zako unaziona moja moja. Rangi nayo husema: kijani huingia ukijivu, kama kimepitiwa na majivu, na jani hujikunja kwa urefu wake kama mkeka. Daima kuna kipande kinachotangulia kuonyesha dalili hizi, aghalabu kando ya ukuta, pembeni mwa njia ya saruji au juu ya mwinuko. Kijue kipande hicho cha kwako, ukipitie kila asubuhi.

Halafu chukua bisibisi ndefu uichome ardhini. Penye unyevu huzama bila shida, na inapofika penye ukavu hukwama. Ikikwama sentimita 3 tu kutoka juu, mwagilia. Ikizama hadi sentimita 10 au zaidi, acha, hata kama jirani yako anamwagilia.

Hatua ya 2: Pima maji yako

Kwa nyasi nyingi za nyumbani, kiasi cha kuanzia ni milimita 25 kwa wiki wakati hakuna mvua. Kipindi cha baridi hupungua, kwenye jua kali huongezeka. Hesabu yake ni rahisi, kwa sababu milimita 1 ya maji juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Kwa hiyo kila mita ya mraba inataka lita 25 kwa wiki.

Kama unatumia mpira, jaza ndoo ya lita 20 huku ukitazama saa. Tuseme imejaa kwa dakika 2: mpira wako unatoa lita 10 kwa dakika. Nyasi zenye upana wa mita 4 na urefu wa mita 5 ni mita za mraba 20, zinazotaka lita 500, yaani dakika 50 kwa wiki nzima. Nikimfanyia mtu hesabu hii hushtuka, kwa kuwa yeye husimama na mpira dakika 5 na kuona ameshiba kazi.

Kwa springla, yaani kinyunyizio cha maji, tandaza makopo sita yanayofanana, yaliyonyooka kuta, mengine karibu na springla na mengine mbali. Iache izunguke dakika 20, kisha chomeka rula kwenye kila kopo. Ukikuta wastani wa milimita 8, saa moja itakupa 24. Ukikuta kopo moja lina 12 na jingine lina 3, umeshapata jibu la yale mabaka ya njano: sogeza springla. Kopo moja liache nje siku zote likinge mvua, na ilichokuletea mvua kitoe kwenye kiasi cha wiki hiyo.

Udongo wa kichanga haushiki maji mengi, kwa hiyo gawa kiasi hicho mara mbili kwa wiki. Udongo wa mfinyanzi hunywa polepole. Ukiona maji yameanza kutuama au kutiririka, funga bomba, pumzisha nusu saa, kisha endelea.

Hatua ya 3: Mwagilia alfajiri

Kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa tatu asubuhi upepo umetulia na jua halijachukua sehemu yake, halafu jani hukauka mapema. Jioni ina kasoro moja kubwa: jani hulala limelowa, na ukungu wa magonjwa hupenda sana usiku wa namna hiyo. Lakini kama maji kwenu hutoka jioni pekee, mwagilia jioni; ni bora kuliko kuziacha zife. Afadhali uelekeze mpira chini kwenye udongo.

Hatua ya 4: Kata theluthi moja tu

Hapa ndipo nyasi nyingi huuawa. Jani ndilo jiko la mmea: ukiliondoa lote kwa mkupuo, mizizi hukosa chakula na huacha kukua. Kanuni ni kutoondoa zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja. Ukitaka ukoka wa sentimita 4, ukate unapofika 6. Ukoka mwembamba huvumilia sentimita 2.5 hadi 4. Nyasi za majani mapana ziache kwenye 6 hadi 8. Za kivulini ziongezee kimo kidogo, maana zinahitaji jani kubwa kupata mwanga wa kutosha.

Nilipoanza kazi hii nilikuta nyasi zilizofika magotini, nikazishusha zote siku ileile ili mwenye nyumba afurahi. Chini hapakuwa na jani, palikuwa na vikonyo vyeupe ambavyo havijawahi kuona jua. Kufika siku ya tatu vilikuwa vimeungua. Siku hizi nyasi za sentimita 15 nazishusha hadi 10, nasubiri siku nne au tano zipate nafuu, nashusha hadi 7, na kuendelea hivyo.

Kata zikiwa kavu, siku moja au mbili baada ya kumwagilia. Udongo uliolowa hushindiliwa na magurudumu, na nyasi mbichi huganda chini ya mashine. Kwanza okota mawe, waya na vijiti, vaa viatu vya kufunika, na watoto wakae mbali. Kwenye mteremko, sukuma mashine kwa kukatiza mteremko. Kila safari badilisha mwelekeo, ama sivyo nyasi hulala upande mmoja.

Ukimaliza, chuma jani moja utazame ncha yake kwa karibu. Kisu kikali huacha mkato ulionyooka. Kisu butu hurarua, na ncha hubaki na nyuzinyuzi kama kamba iliyokatika. Kesho yake kiwanja chote kina weupe kwa juu. Noa kwa tupa, lakini kabla ya kugusa kisu chomoa waya wa plagi ya injini kama ni mashine ya petroli, au waya wa umeme kama ni mashine ya umeme. Anayetumia fyekeo naye alinoe kila anapoanza kazi.

Vipande vifupi viache palepale. Vinaoza upesi na kurudisha nitrojeni ardhini. Vikiwa virefu na vimelala kwa marundo, vikusanye kwa reki, kwani hufunika nyasi na kuzinyima hewa.

Nyasi mpya na nyasi za kiangazi

Ukoka uliopandikizwa juzi haufuati utaratibu huu. Wiki mbili za mwanzo udongo wa juu usikauke kabisa: mwagilia kidogo kila siku, hata mara mbili jua likiwa kali, kisha punguza siku huku ukiongeza kiasi. Usikate mpaka uvute kishina kwa vidole na kigome kung'oka.

Kiangazi kikikaza na maji ya kunywa yenyewe ni ya shida, acha ukoka ugeuke kahawia. Haujafa, umelala, na vikonyo vilivyo ardhini viko hai. Upe milimita 10 hivi kila baada ya wiki mbili au tatu, usiukate, na punguza kuukanyaga mpaka mvua zirudi.