Kufungia rangi ya bitiruti iwe unga unaodumu

Juisi ya bitiruti ina wekundu unaovutia, lakini ukiiacha juani au jikoni penye joto inageuka njano, kisha hudhurungi. Rangi hiyo, betanini, huharibiwa na joto, mwanga, hewa na maji. Njia hii naipendekeza kwa wasindikaji wadogo wa Mbeya na Iringa wasio na mashine ya kukausha kwa kunyunyizia.

Hatua ya 1. Loweka gramu 40 za gamu arabiki (utomvu mkavu wa miti ya jamii ya migunga) kwenye maji ya uvuguvugu usiku kucha, maana inayeyuka polepole.

Hatua ya 2. Menya bitiruti, kata vipande vyembamba, weka kwenye mvuke dakika 5 hivi kuua vimeng'enya vinavyoharibu rangi. Mbeya mjini tuko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari na maji huchemka karibu nyuzi 94, kwa hiyo ongeza dakika moja au mbili. Poza mara moja kwa maji baridi.

Hatua ya 3. Saga, kamua, chuja. Tumia vyombo vya stenlesi au plastiki tu: chuma cha kawaida na shaba huharakisha kufa kwa rangi. Tia maji ya limao kidogo kidogo mpaka karatasi ya pH (ya kupima uchachu) isome kati ya 4.5 na 5.

Hatua ya 4. Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Kwa lita 1 ya juisi, tia gramu 160 za maltodekstrini (unga mweupe utokanao na wanga) na ile gamu, piga kwa blenda mpaka pasiwe na bonge hata moja. Maji yakishatoka, vitu hivi viwili huganda kuizunguka rangi na kuizuia hewa isiifikie. Ukipunguza kipimo ili kubana gharama, utapata nata inayogoma kukauka.

Hatua ya 5. Mimina kwenye trei, unene wa milimita 2 au 3. Kausha kwa nyuzi 50, gizani, hewa ikipita. Usianike juani kamwe. Ganda likikunjika, bado. Likivunjika kwa mlio kama biskuti, tayari.

Hatua ya 6. Saga na ufungashe papo hapo kwenye mifuko ya foili. Juni hadi Agosti hewa yetu ni kavu na kazi inakwenda vizuri. Msimu wa mvua unga hushika mabonge ungali kwenye kinu.

Kupima ubora, weka kopo moja la kioo dirishani na jingine kabatini. Kila wiki koroga kijiko kimoja cha kila unga kwenye glasi ya maji, linganisha juu ya karatasi nyeupe.

Unga huu unafaa sana kwenye mtindi, aiskrimu na krimu ya keki. Kwenye mkate wa kuoka sikushauri, joto la tanuri litaumaliza. Karoti nayo ina utaratibu wake, kwa kuwa rangi yake huyeyuka kwenye mafuta. Ukitaka kuuza, anzia TBS (Shirika la Viwango Tanzania), ambao tangu 2019 ndio wanaosimamia usalama wa chakula.