Kuanza kuigiza ukiwa Mbeya au Iringa: sauti kwanza, kamera baadaye

Usipande basi la Dar kwanza. Anayeanzia Mwanjelwa au Kihesa anahitaji wenzake wanne au watano, chumba cha mita nne kwa tano, na igizo la dakika 15. Picha za studio na jina la kisanii vitasubiri. Kwenye usaili, mtu huanguka kwa sababu sauti haifiki, maneno anayameza, na mwenzake akiongea yeye amesimama tu anangoja zamu yake. Yote matatu yanarekebishika hukohuko nyumbani.

Ombeni darasa baada ya masomo, ukumbi wa kanisa au wa kata. Pelekeni barua fupi yenye siku na saa, na mkimaliza rudisheni viti kama mlivyovikuta, maana kundi hunyimwa ukumbi kwa viti zaidi kuliko kwa kelele. Saa mbili, mara tatu kwa wiki, kwa wiki sita. Asiyefika mara tatu mfululizo, nafasi yake apewe mwingine, hata kama ndiye mwenye kipaji. Miezi ya mvua, Novemba hadi Aprili, msipange alasiri chini ya bati: ikishuka hamsikilizani tena. Tukuyu, ambako hunyesha zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, asubuhi ya Jumamosi ni salama zaidi.

Sasa sauti. Lala chali, weka daftari tumboni. Vuta pumzi ukihesabu hadi nne. Daftari lipande, mabega yatulie. Toa kwa "sss" nyembamba isiyokatika. Ukifika sekunde 15 siku ya kwanza si haba, lenga 25. Kisha funga midomo uvumishe "mmm" kwa dakika tatu, mpaka midomo iwashe kidogo. Hapo sauti imetoka kooni na kuja mbele. Ukipaza kwa koo, utakwaruza kabla igizo halijaisha. Juni na Julai, baridi ya Mbeya hukaza koo na mabega, kwa hiyo dakika tano za kupasha sauti ziwe 15, na maji yawe ya uvuguvugu. Chai ya tangawizi hufariji, ila haipashi sauti kwa niaba yako.

Nendeni uwanjani wawili wawili, mkae umbali wa hatua 15. Sema sentensi bila kupiga kelele. Mwenzako anyooshe mkono kila anapokosa silabi ya mwisho. Atanyoosha sana. Mkazo wa Kiswahili uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo ile ya mwisho huachwa ife, na mtazamaji wa nyuma hajui umesema "amekufa" au "amekuja". Dawa yake ni kubaki na pumzi ya kumalizia sentensi.

Wanaochanganya r na l wajizoeze na hii, polepole mara tano kisha kwa kasi: "Lori la Lulu limelala Laela, rula ya Rehema iko Rujewa." Kwa dh na z, gh na g: "Dhahabu ghali si zawadi ya gari." Hatusemi uue lafudhi. Lafudhi ya Kinyakyusa au ya Kihehe ni mali, siku utakapopewa kuwa mzee wa Kalenga utashukuru. Shida ni kushindwa kuivua kama koti unapotakiwa uivue.

Baada ya hapo shikeni sini moja fupi, yaani kipande cha igizo, kama hii ya sokoni (sado ni kopo la kupimia):

MTEJA: Shikamoo mama.
MUUZAJI: Marahaba. Karibu viazi.
MTEJA: Sado bei gani?
MUUZAJI: Elfu tano.
MTEJA: Jana ilikuwa elfu nne.
MUUZAJI: Jana ulikuja?

Kila mmoja aandike chini ya jina la mhusika wake sentensi moja inayoanza na "nataka". Mteja: nataka aniuzie kwa elfu nne, nibaki na nauli. Muuzaji: nataka kujua kama huyu ndiye aliyeondoka na deni langu. Badilisheni "nataka" ya muuzaji na mtasikia "Jana ulikuja?" ikigeuka yenyewe. Mara ni utani, mara tusi, mara ni mtego. Someni mkiwa mmekaa, mara tatu, bila kuigiza chochote. Ndipo msimame na sado halisi yenye viazi halisi, muuzaji akiwa anachambua vilivyooza. Mkono wenye kazi hauulizi uwekwe wapi.

Wanaoanza huipita shikamoo kana kwamba ni kubisha hodi tu. Lakini humo ndimo uhusiano unapoonekana. Mama anaweza kuitika marahaba bila kuinua macho kwenye viazi, na tayari tumejua kitu. Kosa la pili ni kujibu haraka. Akisikia "elfu tano", mteja aitazame sado kwanza, apime ilivyojazwa, ndipo aitaje jana. Ukijibu kabla neno halijakuingia, mtazamaji anajua umekariri.

Kukariri kwenyewe kuna mtego wa ngonjera. Shuleni tulizoeshwa kuinua kidevu, kutupa mkono kila mstari na kuimba maneno kwa mahadhi yaleyale, na mwili haujasahau. Andika maneno yako kwa mkono, na juu ya kila mstari andika maneno matatu ya mwisho ya mwenzako, kwa sababu hayo ndiyo yanayokuita. Kisha yaseme ukifua au ukimenya ndizi. Mahadhi hayawezi kushindana na kazi ya mikono.

Jukwaani, gawanyeni sakafu kwa chaki miraba tisa, mpeane majina ya miraba, na kila mmoja aandike anapohamia na kwa neno lipi. Kifua kielekee watazamaji robo tatu hata unapoongea na mwenzako. Nje, sokoni au kwenye Nane Nane pale viwanja vya John Mwakangale jijini Mbeya, tafuteni ukuta wa kuweka mgongoni, vinginevyo watu watawazunguka na nusu yao wataona visogo. Huko nje igizo lisizidi dakika 10, spika za mabanda jirani hazitawahurumia. Tangulizeni ngoma, ndiyo inayokusanya watu. Ila kama ni lizombe, nendeni kwa wachezaji wenyewe wa Kingoni mkafundishwe, msiige video.

Upande wa karatasi, onaneni na Afisa Utamaduni wa halmashauri mapema. Usajili wa wasanii uko chini ya BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa. Michezo ya jukwaani na filamu inaguswa na Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, na vibali vya filamu hutolewa na Bodi ya Filamu. Ukitaka kusomea, TaSUBa, taasisi ya sanaa na utamaduni ya Bagamoyo, iliyoanza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa, inatoa astashahada na stashahada. Kwa shahada kuna Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kwa aliyeko Iringa, Chuo Kikuu cha Dodoma kiko karibu zaidi.

Anayekutoza hela ili upate nafasi ya kuigiza ni tapeli. Usaili ufanyike mchana, mahali panapojulikana, na mwenye chini ya miaka 18 aende na mzazi au mlezi. Anayetaka ngono badala ya hela anatenda rushwa ya ngono, kosa chini ya sheria ya mwaka 2007. TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, hupigiwa bure kwa 113.

Simu inaingia mwishoni. Ukiombwa video ya usaili, isimamishe simu kwa ubavu juu ya kitu kisichotikisika, usawa wa macho, mita moja na nusu kutoka ulipo. Simama ukitazama dirisha, usiligeuzie mgongo, maana uso utakuwa kivuli. Taja jina, umri, urefu na unapoishi, kisha sini isiyozidi dakika mbili. Anayekusomea maneno ya mhusika mwingine asimame ubavuni mwa simu, umtazame yeye, si lenzi, na asome kwa sauti ndogo kuliko yako. Ukituma kwa WhatsApp kama video ya kawaida, inabanwa na uso unafifia. Itume kama dokumenti, na faili libebe jina lako, si VID na tarakimu.