Kuongoza wageni kwenye majengo ya enzi za Mjerumani, Bagamoyo

Anzeni saa moja na nusu asubuhi. Kufikia saa nne jua limeshakuwa kali na watu hawasikilizi tena. Tiketi zikatwe kabla, si kundi likisubiri. Muongozaji mmoja atoshe wageni 12. Wakizidi, wa nyuma hawasikii, wanazurura, na anayezurura ndiye utakayemkuta amepanda ukuta.

Boma, jengo la utawala wa Mjerumani la mwaka 1897, lielezee ukiwa mbali kidogo na kuta. Ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na masika yakishalowanisha chokaa, jiwe huweza kuchomoka bila taarifa. Tafuta mahali plasta imebanduka, wageni waone vitundu vya matumbawe. Waangalie kwa macho, wasikwangue. Ukikuta kiraka cha saruji, hapo pana somo zuri: saruji huzuia unyevu kutoka, chumvi inajikusanya nyuma yake, kisha kiraka kinaanguka na kipande cha jiwe la zamani.

Watauliza kwa nini makao makuu ya Mjerumani yalihama Bagamoyo kwenda Dar es Salaam mwaka 1891. Waonyeshe bahari maji yakitoka: ufuko ni wa kina kifupi, meli kubwa zilitia nanga mbali. Kwa hiyo angalia ratiba ya maji siku moja kabla.

Usimpe Mjerumani kila jengo. Ngome Kongwe ilikuwepo kabla yake. Na pale sokoni kwa wavuvi, kamera ziombewe ruhusa kwanza, la sivyo mtafukuzwa, na kwa haki.