SOMO: Taa juu ya jiko, kivuli kisikae kwenye sufuria

Swali ni lilelile kila mara: "Nikisimama jikoni kivuli changu kinafunika sufuria, niweke balbu ya wati ngapi?" Hakuna wati za kuondoa hilo. Balbu ya katikati ya dari iko mgongoni mwako. Ukiiongezea nguvu, kivuli nacho kinazidi kukolea. Taa inatakiwa iwe mbele yako, kati ya paji la uso na ukuta. Naandika hapa mara moja, atakayeuliza tena mleteni huku.

Somo ni la jiko la gesi lenye makabati ya ukutani, umeme wa kawaida wa 230V. Mfano wangu ni kabati la mita 1.5.

Vifaa: ukanda wa LED wa 12V, wati 9.6 kwa mita, 4000K (rangi ya mwanga, nyeupe ya wastani), CRI 90 kwenda juu (kipimo cha kuonyesha rangi halisi za vitu); reli ya alumini yenye kifuniko cheupe; adapta ya 12V (inayoshusha 230V iwe 12V); waya mwembamba wa milimita za mraba 0.75, skrubu za milimita 12.

1. Zima sakiti breka, kisha hakikisha kwa testa. Swichi ya ukutani peke yake haitoshi.

2. Hesabu. Mita 1.5 × 9.6 = wati 14.4. Gawa kwa 12 unapata ampea 1.2. Ongeza robo inakuwa 1.5, kwa hiyo nunua adapta ya ampea 2. Inayokamuliwa hadi mwisho huchemka na kufa mapema.

3. Kata ukanda kwenye alama ya mkasi tu. Ukikata pengine, kipande hicho hakiwaki.

4. Kufunga. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia, someni polepole. Ukanda unakaa ukingo wa mbele wa kabati, umeinamia nyuma kidogo. Ukiusogeza ukutani utamulika vigae vizuri sana na sufuria itabaki gizani. Halafu gundi. Ile gundi ya mgongoni mwa ukanda haivumilii mafuta wala joto, na chini ya kabati la jikoni vyote viwili vipo. Pitisha kidole hapo, utahisi utando unaonata hata kama macho hayauoni. Osha kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo, kausha, kisha futa kwa spiriti. Baada ya hapo USIBANDIKE ukanda kwenye mbao. Funga reli kwa skrubu, ubandike ukanda ndani ya reli. Alumini inanyonya joto la LED zenyewe, na hata gundi ikiachia, kifuniko kinaushikilia. Ukanda uliobandikwa mtupu huanza kuachia upande wa jiko, unaning'inia taratibu, na siku moja unakuta ncha iko juu ya moto.

Tahadhari mbili. Kwanza, kama kabati liko juu ya jiko lenyewe, reli iishie pembeni, isipite juu ya mafiga. Kijitabu cha jiko kinaeleza umbali wa kitu kinachoweza kuungua. Vingi vinataka sentimita 65 hadi 75. Pili, mbao za kabati nyingi ni milimita 16 au 18. Skrubu ya 25 itatokeza ndani, kwenye sahani.

5. Unganisha: chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Ukigeuza haiwaki. Choma kwa risasi, maana vile vibanio vya plastiki hulegea karibu na joto.

6. Adapta iwe juu ya kabati, penye hewa. Upande wa 230V kama huujui, mwite fundi.

7. Washa, kisha funga kifuniko.

MASWALI

Kibwebwe: Naweza kutumia chaja ya simu? Ninazo nyingi.
— Chaja ya simu hutoa 5V. Ukanda ni 12V. Imeandikwa kwenye vifaa.

Pwani77: Mimi nimeweka 6500K na inawaka poa tu, mnapenda kuwatisha watu.
— Hakuna aliyesema haiwaki. Ila 6500K ni nyeupe ya kibuluu. Weka nyama mbichi chini yake, kisha itoe juani, ulinganishe rangi.

Mama Pacha: Kaka, mimi sina kabati, jiko liko kwenye ukuta mtupu. Nifanyeje?
— Mama, funga taa ndefu ya LED ya sentimita 60 iliyofunikwa, alama IP65 (haiingizi vumbi wala maji ya kurushiwa), ukutani pembeni ya jiko, juu kidogo ya kichwa chako. Au fundi asogeze ile ya dari iwe usawa wa ukingo wa meza ya jiko. Na kama ukuta ni wa rangi nzito, upake nyeupe ya mafuta. Unarudisha mwanga na unafutika.

Jua Kali: Huku umeme unakatika sana. Nikiunga moja kwa moja kwenye betri ya sola ya 12V?
— Swali zuri. Inawaka, ila betri ikiwa inachajiwa hufika 14.4V na ukanda unachemka kuliko ulivyotengenezwa. Weka kidhibiti volti kinachopandisha na kushusha, ukiseti 12V. Fyuzi ya ampea 3 iwe kwenye waya wa chanya, karibu kabisa na betri. Watu huiweka mwisho wa waya, na hapo hailindi kitu.

Msafi: Yangu inamemeta hafifu hata nikizima.
— Swichi ina kitaa kidogo ndani? Hicho hupitisha umeme kiasi. Kama hakina, fundi wako amekata nyutro badala ya laivu (fezi). Nyumba za zamani nyeusi ni nyutro, ila kwenye nyaya mpya nyeusi yaweza kuwa fezi. Apime, asibahatishe kwa rangi.

Kibwebwe: Adapta nikiificha kabati la chini, pale kwenye mtungi wa gesi?
— Hapana. Hatua ya 6.

Mama Pacha: Mdogo wangu, gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatulia chini hukohuko. Toboa matundu chini ya mlango wa hilo kabati, na ukisikia harufu usiguse swichi, si kuwasha si kuzima. Fungua madirisha, funga mtungi.
— Mama kamaliza. Kibwebwe, piga picha hayo matundu utuletee.