SOMO: Mbuzi wa maziwa anapozaa, hatua kwa hatua (soma mpaka chini kabla hujauliza)

Wakuu habari zenu. Nimeamua kuandika hili bandiko kwasababu kila baridi ya mwezi wa sita ikianza huku mlimani inboksi yangu inajaa swali lilelile, "mbuzi wangu kazaa, mtoto kalala tu hanyonyi, nifanyeje", na mara nyingi mpaka naiona meseji mtoto ameshakufa. Inauma, maana wengi wa hao watoto walikuwa wanapona. Mi nafuga chotara wa Toggenburg na Saanen upande wa Meru, juu kidogo ya Tengeru, kwahiyo ninayosema ni ya mbuzi wa maziwa wa bandani kwenye ukungu na ubaridi, sio mbuzi wa kuchunga wa Longido.

1. Andika tarehe ya kupandisha. Mimba ni siku 150, weka tano mbele au nyuma.

2. Wiki sita za mwisho ongeza chakula taratibu. Watoto wanakua sana kipindi hicho, na akiwa na mapacha tumbo linabanwa, anakula kidogo wakati anahitaji kingi. Majani ya migomba matupu hayatoshi, mpe pumba na mashudu ya alizeti kidogo kidogo, lusina, majani ya viazi vitamu, na maji muda wote. Akiacha kula siku za mwisho, akajitenga, anasaga meno, kusimama shida, hiyo ni sumu ya mimba, ita daktari siku hiyohiyo usingoje kesho.

3. Andaa banda. Yale mabanda yetu ya juu yenye sakafu ya mbao mkojo unapita vizuri lakini mguu wa kitoto nao unapita, na upepo wa chini unampiga tumboni. Tandika magunia, juu yake majani makavu ya migomba, ziba kona moja upepo usiingie. Weka tayari sabuni, glavu, iodini, taulo kuukuu au vipande vya kanga, kipima joto, wembe mpya, chupa yenye chuchu, tochi, na namba ya daktari ambaye umeshaongea naye kabla, sio wa kutafutwa saa nane usiku.

4. Dalili: kiwele kinajaa na kung'aa, zile kano pembeni ya shina la mkia zinalegea mpaka hauzisikii ukipapasa, ute mrefu, anakwaruza chini, analalamika kwa sauti ndogo.

5. Kuzaa. Kaa pembeni utulie. Mkao mzuri ni kwato mbili za mbele na pua imelala juu yake. Miguu ya nyuma miwili nayo anazaliwa, ila akishaanza kutoka asikae hapo katikati maana kitovu kinabanwa kichwa kikiwa bado ndani. Akisukuma kwa nguvu nusu saa na hakuna kinachosogea, piga simu. Kama daktari yuko mbali na ni lazima uingize mkono: kata kucha, osha mpaka kiwiko, vaa glavu, paka mafuta, halafu TAMBUA unachokishika kabla hujavuta. Mguu wa mbele, viungo viwili vya kwanza kutoka kwato vinakunja upande mmoja, wa nyuma vinakunja kinyume. Fuata mguu mpaka kifuani uhakikishe miguu yote miwili ni ya mtoto mmoja, maana mapacha wanaingiliana. Vuta pale tu mama anaposukuma, kuelekea nje na chini. Na ile sindano ya kuongeza uchungu ambayo ukienda dukani unapewa haraka haraka, usichome kabla mtu anayejua hajapima njia na mkao wa mtoto. Mtoto aliyekaa vibaya sindano haimnyooshi, inamkandamiza, na kizazi kinaweza kupasuka.

6. Ametoka: futa pua na mdomo, tia unyasi puani apige chafya, msugue, kisha msogeze kwa mama amlambe. Kitovu kikiwa kirefu sana punguza, chovya chote kwenye iodini. Papasa tumbo la mama mbele ya kiwele, ukisikia gumu bado kuna mwingine.

7. JOTO KWANZA, MAZIWA BAADAYE. Hapa ndo tunapowapoteza, mimi mwenyewe nimeshazika jike zuri sana kwa hili, kwahiyo someni taratibu. Mtoto wa kwanza katoka, mama kashughulika na wa pili, ukungu umeshuka, huyu wa kwanza kabaki na majimaji mwilini. Unamkuta kajilaza shingo imelegea, huruma inakujaa unakimbilia chupa. USIMPE. Mtoto aliyepoa hawezi kumeza sawasawa, maziwa yanaingia kwenye mapafu, na hata yakifika tumboni hayasagiki. Tia kidole mdomoni, ukisikia baridi chukua kipima joto. Kawaida yake ni kati ya 38.5 na 40. Chini ya 37 hakuna maziwa mpaka apate joto. Mkaushe mpaka kwenye ngozi, mweke kwenye boksi, chupa za maji ya moto zilizoviringishwa kanga mgongoni na ubavuni, zikipoa badilisha. Au mtie kwenye mfuko wa plastiki kichwa kikiwa nje, mzamishe mpaka shingoni kwenye ndoo ya maji ya uvuguvugu, ule mfuko unalinda ile harufu ambayo mama anamtambulia. Pima kila nusu saa. Akipita 37, ameinua kichwa na ananyonya kidole chako kwa nguvu, hapo sasa mpe.

Tahadhari mbili. Moja, jiko la mkaa kwenye banda lililozibwa HAPANA, ile hewa yake ya sumu haina harufu, inaua mtoto, mama na wewe uliyekaa nao, achilia mbali moto kushika majani. Mbili, kama amezaliwa zaidi ya masaa matano yaliyopita, amepoa na hawezi kabisa kushikilia kichwa, sukari ya mwilini imeshaisha. Huyo ukimpasha joto bila sukari anaweza kupata degedege akafa mikononi mwako. Daktari anamchoma glukosi tumboni kwanza ndo joto lifuate. Msijaribu hiyo sindano kwa kuelekezwa kwenye simu.

8. Dang'a, yale maziwa mazito ya njano. Mbuzi hampi mtoto kinga akiwa tumboni, kinga yote ya kuanzia iko humo, na utumbo unaipokea vizuri masaa ya mwanzo tu, baada ya siku moja mlango umefungwa. Kamua matone mawili kila chuchu kutoa kizibo, hakikisha kanyonya ndani ya saa moja au mbili. Kama unampa kwa chupa, mililita 50 kwa kila kilo ya uzito, yani mtoto wa kilo tatu 150 kwa mkupuo, mara tatu au nne kwa siku ya kwanza.

9. Kondo la nyuma linatoka lenyewe ndani ya masaa 12. Usivute hata kidogo. Lifukie chini sana mbwa wasilifukue. Likipitisha muda huo, daktari.

Haya, maswali.

CHALII WA NGARAMTONI: mkuu wa kwangu kapandwa mwezi wa pili tarehe siikumbuki, atazaa lini

MFUGAJI WA MERU: Hatua ya 1. Mwezi wa pili jumlisha siku 150 ni mwezi wa saba. Bila tarehe huwezi kupata zaidi ya hapo, anza kupapasa shina la mkia mwezi wa saba ukiingia.

JIRANI WA USA RIVER: Naomba msaada haraka, kazaa alfajiri mtoto mmoja amelala tu, nimpe maziwa ya ng'ombe kwa chupa?

MFUGAJI WA MERU: Hatua ya 7 umeisoma? Usimpe kitu. Mdomo ni wa baridi? Joto lake ngapi? Anashika kichwa? Jibu hayo matatu.

JIRANI WA USA RIVER: sina kipima joto. mdomo baridi. kichwa hashiki

MFUGAJI WA MERU: Alfajiri mpaka sa hivi masaa matano yamepita. Daktari, sasa hivi, mwambie aje na glukosi. Mkaushe, mfunike asizidi kupoa, ila usimpashe mpaka afike. Na yule pacha mwingine je, kanyonya?

JIRANI WA USA RIVER: Daktari kamkuta ameshakata roho. Mwingine kanyonya, yuko na mama yake. Wanangu wamelia sana, walishampa jina.

MFUGAJI WA MERU: Pole sana ndugu yangu, pole na watoto. Sasa nguvu zote kwa huyu mmoja, usiku wa leo ndo mgumu, tia kidole mdomoni kila ukiamka. Na mama ana maziwa ya watoto wawili, kamua upande ambao hauguswi usije ukavimba. Hiyo dang'a ya ziada usimwage, gandisha kwenye frija kwa vifuko vidogo, inakaa miezi mingi. Siku ya kuitumia iyeyushe ndani ya maji ya uvuguvugu, usichemshe, ukichemsha kinga inakufa.

MZEE WA MONDULI: Babu zetu walifuga mamia bila iodini wala kipima joto. Mnafanya ufugaji uwe mgumu bure.

MFUGAJI WA MERU: Mzee wangu shikamoo. Nilisema mwanzo kabisa hili ni la mbuzi wa bandani mlimani. Mbuzi wa kienyeji anazaa kitoto kidogo, kwenye ardhi kavu, jua linamkausha. Huku kwetu kitoto cha chotara kinaweza kuwa na kilo tatu na zaidi, kinatua kwenye unyevu, mkojo na ubaridi, na kitovu kibichi kinanyonya uchafu wote huo, wiki ya pili magoti yanavimba. Na hao babu walikuwa wanazika watoto wengi pia, tukae tuwaulize. Iodini chupa moja inamaliza msimu.

MAMA WA KIBOSHO: Asante kwa somo, ubarikiwe. Wa kwangu kakubali mtoto mmoja, wa pili anampiga pembe. Nimempaka chumvi mtoto lakini wapi.

MFUGAJI WA MERU: Pole mama. Anza na kiwele kabla ya mtoto. Kishike, kama upande mmoja ni wa moto, mgumu, au maziwa yana mabonge, anamfukuza kwasababu ya maumivu, tibu hicho kwanza. Kama kiwele ni kizima, mfunge mama kamba fupi, mpe pumba, mtoto anyonye ukiwa umemshika mama, mara nne tano kwa siku. Kwa kawaida baada ya siku chache maziwa yake yakishapita kwenye tumbo la mtoto anaanza kumnusa mkiani na kumkubali. Asipokubali ni chupa, na maziwa ya ng'ombe hayana shida ilimradi dang'a alishapata.

BI MARANGU: Naomba kuuliza kitu tofauti kidogo. Kwa jirani kazaliwa mtoto, ukimuangalia ni jike lakini ana kama uume mdogo. Beberu hana pembe, mama hana pembe. Wanasema ni mkosi. Kuna uhusiano na hizo pembe au nimewaza tu?

MFUGAJI WA MERU: Hujawaza tu bibie, umeona vizuri sana, na wala sio mkosi. Kwenye mbuzi ile asili ya kuzaliwa bila pembe imefungamana na uhuntha, yani kuwa na jinsia mbili. Mtoto wa kike akiirithi kwa baba na kwa mama, anakuwa huntha na hatazaa. Kwahiyo ukipandisha, mmoja kati ya wazazi awe amezaliwa na pembe. Aliyechomwa pembe akiwa mdogo anahesabika ana pembe, kwasababu tunaangalia alivyozaliwa. Toggenburg na Saanen wasio na pembe ni wengi, ndo maana huku tunaliona sana. Muulize mwenye beberu kabla hujampeleka jike wako, na hapohapo muulize kama sio baba yake.

BI MARANGU: Nimeelewa kabisa. Basi huyo jirani nikamwambie amlee wa nyama tu asimuonee haya.

MFUGAJI WA MERU: Ndio, ni mzima kabisa kwa nyama.

DADA WA BOMA NG'OMBE: Kwangu watatu wametupa mimba mwezi huu mmoja. Ni kukosa chakula?

MFUGAJI WA MERU: Mmoja ningefikiria chakula au kupigwa pembe, watatu kwa mwezi ni ugonjwa mpaka ithibitike vingine. Mwite afisa mifugo wa kata achukue sampuli. Usishike kichanga wala kondo bila glavu, mjamzito asikanyage bandani, mbwa wasipewe, maziwa yachemshwe, brusela, ule ugonjwa wa kutupa mimba, inaingia kwa binadamu kwa njia hizohizo. Uliowaona wametupa watenge na wengine. Na angalia kama kuna makamasi, kuharisha na vidonda mdomoni, hiyo inaweza kuwa sotoka ya mbuzi na kondoo, ilithibitishwa huku kaskazini mwaka 2008 na haijaondoka. Hiyo ina chanjo, uliza.

MAMA WA KIBOSHO: Mi naongezea dondoo. Akishazaa tu nampa maji ya uvuguvugu yenye molasi na chumvi kidogo. Molasi ya kiwanda cha sukari cha TPC inapatikana huku Moshi mjini.

MFUGAJI WA MERU: Asante mama, hiyo nzuri sana, anazaa amekauka na ana kiu. Molasi iwe kidogo, kiganja kwenye ndoo ndogo, ukizidisha anaharisha.

CHALII WA NGARAMTONI: mkuu wa kwangu kano za mkia sizisikii tena na ute umeanza

MFUGAJI WA MERU: Ute wa rangi gani? Umeshatandika magunia? Osha mikono, chaji tochi, mtaarifu daktari, usimguse bado. Tuma picha ya kinachoonekana nje.