Jinsi ya Kujenga Maabara ya Mashine Pepe kwa Kompyuta Moja ya Mezani

Kompyuta ya mezani iliyokwisha kutumika ofisini, kama vile Dell OptiPlex 7050, inatosha kuwa maabara ambamo mwanafunzi wa mitandao anaweza kuendesha seva tano au sita kwa wakati mmoja. Mwongozo huu unatumia Proxmox VE, mfumo wa bure uliojengwa juu ya Debian, unaoendesha mashine pepe, yaani kompyuta za kiprogramu zinazoishi ndani ya kompyuta halisi, kwa kutumia KVM, teknolojia iliyoingizwa katika Linux mwaka 2007, pamoja na kontena za LXC, ambazo ni nyepesi zaidi kwa kuwa hutumia kiini kile kile cha Linux.

Wanunuzi wengi hutazama prosesa kwanza, nami naona wanakosea. Prosesa ya kori nne, mfano Core i5-6500, hukaa bila kazi kubwa muda mwingi, kwa kuwa mashine za mazoezi aghalabu zinasubiri tu; kinachoisha mapema ni RAM, kwani kila mashine hukatiwa fungu lake. Piga hesabu kabla ya kulipa: Proxmox yenyewe iachie GB 2, Windows Server GB 4, Debian isiyo na madirisha GB 1, na ruta pepe ya OPNsense GB 2. Hizo ni GB 9, hivyo mwenye GB 8 amekwama kabla hajaanza, ilhali mwenye GB 16 ana nafasi ya kuongeza. Fungua kasha uhesabu nafasi za RAM zilizo wazi, kisha fedha inayobaki iende kwenye SSD, maana diski ya kuzunguka ikiitwa na mashine nne kwa pamoja, zote hujikokota.

Washa kompyuta na uingie BIOS, ambayo kwa Dell hufunguliwa kwa F2, uhakikishe kuwa VT-x, kipengele cha prosesa za Intel kinachosaidia kuendesha mashine pepe, imewezeshwa. Kwenye prosesa za AMD kipengele hicho huitwa SVM. Ukiwa humo humo, weka pia mpangilio wa kompyuta kujiwasha umeme unaporudi. Baadaye pakua faili ya ISO (nakala ya diski ya usakinishaji) ya Proxmox, linganisha alama yake ya SHA256 na iliyotangazwa ili ujue faili haikuharibika, kisha iandike kwenye flashi kwa Rufus au balenaEtcher. Zingatia kwamba kisakinishi hufuta diski nzima utakayoichagua, kwa hiyo picha na nyaraka za zamani zihamishwe kwanza.

Usakinishaji wenyewe ni wa dakika chache. Kwa diski moja, mfumo wa faili wa ext4 unatosha. Anwani ya IP iwe ya kudumu na iwe nje ya fungu ambalo ruta ya nyumbani hugawa yenyewe, vinginevyo siku moja simu ya mgeni itapewa anwani ya seva yako. Ukimaliza, ondoa flashi, nenda kwenye kompyuta nyingine na ufungue kivinjari kwa anwani kama https://192.168.1.10:8006; onyo la cheti litakalotokea ni la kawaida, kwa kuwa seva imejitolea cheti yenyewe. Ingia kama root, kisha katika sehemu ya hazina za programu zima zile za wateja wa kulipia na uongeze ile isiyohitaji usajili, la sivyo masasisho yatakataa.

Suala la mtandao ndilo linalostahili kufikiriwa kwa utulivu. Tumia kebo, si Wi-Fi: sehemu ya kuunganishia Wi-Fi kwa kawaida hukubali anwani moja tu ya MAC (namba ya utambulisho ya kadi ya mtandao) kwa kila kifaa, hivyo mashine pepe zilizo nyuma ya daraja, yaani swichi pepe inayoziunganisha na mtandao, hazipati njia. Mimi nilipoteza jioni nzima nikilaumu Debian kabla ya kulielewa hilo. Proxmox huanza na daraja liitwalo vmbr0, lililofungwa kwenye kadi halisi ya mtandao. Unda la pili, vmbr1, lisilo na kadi yoyote. Mashine zitakazounganishwa humo zitaonana zenyewe kwa zenyewe tu. Ukiipa OPNsense kadi mbili pepe, moja katika kila daraja, utapata mtandao kamili wa ndani ambao unaweza kuuvuruga, hata kugawa anwani ovyo, bila watu wa nyumbani kukosa intaneti.

Unapounda mashine, chagua VirtIO, aina ya vifaa pepe vilivyotengenezwa kwa ajili ya mashine pepe, kwa diski na kwa mtandao. Windows haina viendeshi vyake, kwa hiyo ambatisha ISO ya viendeshi vya VirtIO mapema. Usipofanya hivyo, kisakinishi kitadai hakuna diski. Usihadaike na ukubwa wa diski pepe, kwani local-lvm, hifadhi ambamo Proxmox huweka diski hizo, hukuruhusu kuahidi nafasi kuliko iliyopo, na siku itakapojaa kweli mashine zitashindwa kuandika na data inaweza kuharibika.

Kabla ya kila jaribio la hatari piga snapshoti (taswira ya hali ya mashine unayoweza kuirudia), lakini usiiite nakala rudufu, kwa sababu imelala kwenye diski ile ile. Nakala rudufu ziende kwenye diski ya nje kwa ratiba ya kila wiki, na mashine moja irejeshwe kutoka humo kwa namba mpya ya mashine ili kujaribu kama nakala zinafanya kazi, kadi yake ya mtandao ikiwa imekatwa, ili pacha hao wawili wasigombee anwani moja.